Kwa nini adrenalini ileile huharakisha moyo, hulegeza njia za hewa na kubana mishipa ya damu

Mkuu umeuliza inakuwaje homoni moja ifanye mambo matatu yanayopingana. Adrenalini haibebi amri yoyote, na wala haiingii ndani ya seli. Inashika kipokezi, yaani protini ya kupokea ujumbe iliyo kwenye utando wa seli, basi. Kitakachofuata kinategemea ni kipokezi gani na seli ina protini zipi ndani yake. Ile picha ya ufunguo na kufuli tuliyofundishwa inaeleza nani anafungua mlango tu. Haisemi chochote kuhusu kilichomo chumbani.

Tuanze na mishipa ya ngozi, ambayo ni rahisi. Misuli yake laini ina vipokezi vya aina ya alfa-1, vilivyounganishwa na protini Gq, mjumbe aliye upande wa ndani wa utando. Gq huamsha kimeng'enya fosfolipasi C, nacho hukata mafuta fulani ya utando na kutoa IP3, molekuli ndogo ya kupeleka ujumbe ndani ya seli. IP3 hufungua ghala la kalsiamu ndani ya seli. Kalsiamu hushikana na protini kalmodulini, kimeng'enya kinachoweka fosfati kwenye miosini (protini inayovuta msuli) huamka, msuli unakaza na mshipa unabana.

Moyo na njia za hewa ndipo penye utamu, kwa sababu huko njia ni ileile mwanzoni. Moyo una zaidi vipokezi vya beta-1, njia za hewa zina beta-2, na vyote viwili hutumia protini Gs, ndugu wa Gq. Kipokezi kikishikwa hubadili umbo, kitengo cha alfa cha Gs (sehemu yake moja) huachia GDP, molekuli ya hali ya kuzimwa, na kuchukua GTP, ya hali ya kuwashwa, kisha huenda kuamsha kimeng'enya adenili saiklasi. Kimeng'enya hiki hugeuza ATP, molekuli ya nishati ya seli, kuwa cAMP, mjumbe wa ndani ya seli. Molekuli nne za cAMP zikikaa kwenye PKA moja (kimeng'enya cha kuweka fosfati kwenye protini nyingine), vitengo viwili vinavyofanya kazi huachiliwa, na kila kimoja huweka fosfati kwenye protini nyingi. Hivyo molekuli chache tu za homoni zinatosha kuleta matokeo makubwa.

Sasa angalia zinapoachana. Kwenye seli za misuli ya moyo, PKA hufanya milango ya kalsiamu ya utando ipitishe zaidi. Nje ya seli kalsiamu ni takriban mara 10,000 ya ile iliyo ndani, kwa hiyo inamiminika na pigo linakuwa na nguvu. Kwenye seli zinazoanzisha mapigo, cAMP yenyewe hushika milango ya ioni moja kwa moja, na mapigo yanaongezeka kasi. Kwenye njia za hewa PKA hupunguza kalsiamu na kuzima kimeng'enya kilekile cha miosini nilichotaja juu, kwa hiyo msuli unalegea. cAMP ni ileile, walengwa ndio tofauti.

Wengi husahau upande wa kuzima, na magonjwa mengi yako hapo. Kitengo cha alfa cha Gs hujizima kwa kuvunja GTP yake. Kimeng'enya fosfodiesterasi huvunja cAMP. Kipokezi kikichochewa muda mrefu huwekewa fosfati, protini arestini hukifunika, halafu huvutwa ndani ya seli. Sumu ya kipindupindu huharibu hatua ya kwanza: hubandika kipande cha molekuli kwenye alfa ya Gs za utumbo, GTP haivunjiki tena, cAMP inarundikana, kloridi inatoka na maji yanaifuata. Mgonjwa mahututi anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Maji ya chumvi na sukari husaidia kwa sababu msafirishaji wa sodiamu pamoja na glukosi kwenye utumbo haharibiwi na sumu hiyo. Ukiweka sodiamu bila glukosi, msafirishaji huyo hana kazi.

Kwenye dawa mantiki ni hiyohiyo. Salbutamoli, dawa ya pumu, huchochea beta-2, ila haichagui kwa ukamilifu, ndiyo maana ikizidi moyo unaenda mbio. Propranololi, moja ya dawa ziitwazo vizuizi vya beta, huziba beta-1 na beta-2 kwa pamoja, hivyo ni hatari kwa mwenye pumu. Atenololi, kizuizi kingine, huziba zaidi beta-1, lakini dozi ikipanda upendeleo huo hupungua. Na anayetumia kizuizi cha beta kwa muda mrefu asiache ghafla: seli huwa zimeongeza vipokezi kufidia kuzibwa, dawa ikiondoka adrenalini ya kawaida inakuta vipokezi vingi kuliko mwanzo, na mapigo na presha vinaweza kupanda kwa nguvu. Daktari hupunguza dozi polepole ili vipokezi vipate muda wa kupungua.