Barua kwa mwanangu: wenzako wanapoiacha imani

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Umeniuliza: "Mama, kama kaka aliyetuongoza katika sala pale chuoni leo anasema hamwamini tena Mungu, na wenzetu wa kwaya nao wameacha kanisa mmoja mmoja, mimi nabaki kwa nini?" Nashukuru hukubaki na swali hilo moyoni peke yako.

Kwanza, lia. Mtu mliyekesha naye mkiomba akiondoka, huo ni msiba, usijikaze bure. Paulo mwenyewe hakuficha. Fungua Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya 4, uisome polepole. Mzee yuko kifungoni, anajua siku zake zimekwisha, anaandika kwamba Dema amemwacha kwa kuupenda ulimwengu huu, ameenda zake Thesalonike. Na Dema hakuwa mgeni! Katika Wakolosai na Filemoni ametajwa pamoja na Luka, yule tabibu. Alikaa na mtume, akamsikia kwa masikio yake, akaondoka vilevile.

Sasa tazama yanayofuata, maana hapo ndipo ninapopapenda. Paulo anaomba aletewe joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na vitabu vyake, hasa vile vya ngozi. Anamsihi Timotheo ajitahidi kufika kabla ya wakati wa baridi. Ameumia, lakini bado anataka kusoma, bado anataka mtu wa kukaa naye. Tena anasema: njoo na Marko, ananifaa. Marko yupi? Yuleyule aliyewaacha safarini kule Perge akarudi Yerusalemu, hata Paulo na Barnaba wakagombana kwa ajili yake wakatengana. Siku ile ya Perge nani angejua kwamba huyu atarudi? Ndiyo maana sitaki useme kaka yako huyo amekwisha.

Wewe unabaki kwa nini? Yohana sura ya 6 inasema wengi wa wanafunzi walirudi nyuma, na Yesu hakulilegeza neno lake ili wabaki. Aliwageukia wale 12 akawauliza kama nao wanataka kuondoka. Petro hakujibu kwamba ameelewa yote. Alijibu, "Bwana! Twende kwa nani?" Mwanangu, jibu langu ni hilohilo, sina jingine. Kaka yule alikufundisha kuomba, na mimi namshukuru mpaka leo, lakini hakusulubiwa kwa ajili yako. Uliyemwamini hajaondoka.

Wenzako usiwatie wote kapu moja. Yule binti uliyeniambia aliondoka baada ya siri yake kutangazwa madhabahuni, huyo ameumizwa na watu wa kanisa. Anastahili kuombwa radhi, wala usimrundikie mistari ya Biblia. Mwenye maswali msikilize, na usilolijua sema hulijui. Na tafadhali, habari zao zisigeuke umbea mkiuita maombi. Hilo nimeliona mara nyingi na linaniudhi sana.

Usikae peke yako. Hapo unapoishi tafuta jumuiya, hata kama utawakuta wazee watupu. Wazee hao wameona vijana wengi wakiondoka, na wengine wamewapokea waliporudi, bila kuwauliza walikuwa wapi. Kaa nao, sali nao, hata siku ambayo moyo wako ni mkavu.

Jumamosi alfajiri ibada ya jumuiya ni hapa kwetu. Nitamtaja kaka yako kwa jina, mambo yake sitayasema. Nawe mpigie simu wiki hii. Muulize hali ya mtoto wao aliyezaliwa juzi, muulize kazi inaendaje. Ya imani yaache mpaka ayalete mwenyewe.

Nakupenda,
Mama yako