Maswali ya Wasomaji: Mnyororo Mpya Unaruka, Je, Ninunue Mfumo wa Gia Kumi?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninayo baiskeli ya mtumba yenye gia 21, yaani sproketi tatu mbele (meno 48, 38 na 28) na saba nyuma, kuanzia meno 14 hadi 28. Kila siku huitumia kupanda kutoka Moshi mjini kwenda kazini Kibosho. Mwezi uliopita nilibadilisha mnyororo uliokuwa umelegea, lakini tangu hapo unaruka kila ninapokanyaga kwa nguvu, na gia nyepesi kuliko zote bado ni nzito mlimani. Rafiki yangu ananishauri niweke mfumo mpya wenye gia kumi nyuma. Je, gharama hiyo ina faida? – Msomaji, Moshi.

JIBU: Ndugu msomaji, mnyororo wako mpya hauna kosa. Mnyororo wa chuma hauvutiki kama mpira. Kinacholika ni pini na matundu yake, na kila pingili inapoongezeka urefu kidogo, meno ya sproketi nayo hulika yakaufuata ule mnyororo mkongwe. Ukiweka mpya wenye nafasi sahihi, haukai tena vizuri juu ya meno hayo, na unapokanyaga kwa nguvu hupanda juu ya jino na kuruka. Kwa hiyo friwili, yaani fungu la sproketi saba za nyuma, ungelazimika kuibadilisha hata kama rafiki yako asingesema neno.

Siku nyingine pima mapema. Kutoka pini moja hadi inayofuata ni nusu inchi, hivyo nafasi 24 zinapaswa kuwa inchi 12 kamili. Zikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha mnyororo peke yake. Zikizidi kwa sehemu moja ya nane, huenda mnyororo umekwisha kuila friwili pia.

Kuhusu gia kumi, naona rafiki yako anakupeleka mbali. Friwili yako hukazwa kwa kuzungushwa kama skrubu kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, ilhali sproketi kumi kwa kawaida huja kama kaseti inayoingia kwenye habu ya aina nyingine. Maana yake utanunua gurudumu la nyuma, kaseti, mnyororo mwembamba zaidi, kifaa cha kuhamishia mnyororo pamoja na swichi yake kwenye usukani, na pengine hata sproketi za mbele. Mimi binafsi, jumla ya vifaa ikizidi nusu ya bei ambayo baiskeli yenyewe ingeuzwa, huacha. Wanaosema mfumo mpya utapunguza gramu za baiskeli wakumbuke kwamba maji ya chupa ya mililita 750 yana uzito wa gramu 750, nasi huyabeba bila kulalamika.

Tatizo lako la mlima halitokani na idadi ya gia bali na uwiano wa ile iliyo nyepesi kuliko zote. Kwa meno 28 mbele na 28 nyuma, gurudumu huzunguka mara moja kwa kila mzunguko wa pedali. Kwa kuwa unanunua friwili hata hivyo, chagua ya sproketi saba inayofika meno 34: gurudumu litazunguka mara 0.82, na nguvu ya kukanyaga itapungua kwa takribani asilimia 18, ingawa kwa kasi ileile ya miguu utakwenda polepole zaidi kwa kiasi hicho hicho. Baadhi ya friwili hizo hutoka meno 24 na kurukia 34 moja kwa moja, jambo ambalo tambarare lingeudhi lakini kwenye njia ya Kibosho halina madhara. Kabla ya kulipa, hakikisha kwamba kifaa chako cha nyuma cha kuhamishia mnyororo kinakubali meno 34, kwa sababu baadhi huishia 28, na ujue kwamba mnyororo unaweza kuhitaji kuongezwa pingili.

Usiupake mnyororo oili chafu ya injini, maana ina chembe za chuma na hunasa vumbi. Tia tone la oili safi kwenye kila pingili, kisha ufute ya ziada kwa kitambaa.

Friwili hujikaza yenyewe kila unapokanyaga, hivyo ya miaka mingi haifunguki kirahisi. Mpelekee fundi mwenye jiliwa na kifungulio kinacholingana na mifuo ya friwili yako, naye aifungue friwili hiyo wakati gurudumu bado lina spoku zake.