Mpe Mgeni Fuvu Mkononi: Ushauri kwa Wanabiolojia Vijana wa Makumbusho

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa binti mmoja aliyehitimu shahada ya zoolojia na ambaye sasa anafanya kazi ya mkataba katika makumbusho ya mkoani. Anasema wageni huingia, hupiga picha mbele ya simba aliyekaushwa, huuliza choo kiko wapi, kisha huondoka. Na kila anapojaribu kuwaeleza habari za ikolojia, yaani jinsi viumbe wanavyotegemeana na mazingira yao, huwaona wakichungulia simu zao. Ameniuliza afanye nini, na ameniuliza pia, kwa maneno yaliyonigusa, kama kazi hii ya kuelimisha umma itamfungia njia ya kuwa mtafiti. Nimeamua kumjibu mbele yenu wote kwa sababu najua hayuko peke yake. Wengi wenu mmesomea viumbe mkiwa na shauku ileile niliyokuwa nayo mimi, ya kuona mtu wa kawaida akimfahamu ndege anayelala juu ya paa lake kama anavyowafahamu wachezaji wa Simba na Yanga.

Mdogo wangu, jibu la swali la kwanza ni fupi: mtie mgeni kitu mkononi, kisha nyamaza kwa muda. Kwangu mimi kitu hicho kilikuwa fuvu la panya.

Nilipoajiriwa nilikabidhiwa chumba cha ndege na wanyama wadogo, chumba ambacho wageni hawaingii. Kina makabati ya chuma kutoka sakafuni hadi karibu na dari, na harufu ya nafthalini, dawa ya kufukuza wadudu, haitoki kwenye nguo hata ukizifua. Ukivuta mtoto wa kabati unawakuta ndege wamelazwa chali kwa safu, macho yamezibwa kwa pamba, miguu imefungwa pamoja kwa uzi, na kwenye uzi huo pananing'inia kikaratasi kilichoandikwa mahali ndege alipopatikana, tarehe, jinsia na jina la aliyemkusanya. Kikaratasi hicho ndicho kinachomfanya ndege huyo kuwa kielelezo cha kisayansi. Kikipotea, yanabaki manyoya tu. Nilikipenda chumba kile tangu siku ya kwanza na bado nakipenda, lakini nilihuzunika kuona kwamba utajiri wote ule ulikuwa ukijulikana na watu wasiojaza hata daladala moja.

Kisha akaja mwalimu wa shule ya msingi iliyo kandokando ya mashamba ya mahindi. Aliomba tuwaondoe bundi waliokuwa wakiishi juu ya dari la darasa lake, kwani wazazi walikuwa wakitishia kuwahamisha watoto, na mlinzi alikwisha kuwaua makinda wawili kwa fimbo. Hakuna haja ya kuwaeleza jinsi bundi anavyoogopwa kwetu. Akilia juu ya paa, watu huanza kuhesabu wagonjwa waliomo ndani. Wa aina hii, mwenye uso mweupe wenye umbo la kopa, huogopwa zaidi kwa sababu halii kwa sauti nzito kama bundi wengine bali hupiga ukelele mkali, na makinda yake hufoka usiku kucha kama vile kuna mtu anayepumua kwa shida darini.

Nilikwenda. Chini ya tundu la dari nilikuta madonge meusi, kila moja likikaribia ukubwa wa kidole gumba, mengine yameng'aa kama yaliyopakwa vanishi na mengine yamekwisha kukauka na kufumuka. Hayo si mavi ya bundi, kama wengi wanavyodhani. Bundi humeza windo lake zima, na kwa kuwa tumbo lake haliwezi kuyeyusha manyoya na mifupa, mabaki hayo hushindiliwa pamoja na kutapikwa. Niliyakusanya kwenye mfuko, nikayapasha moto katika oveni ili kuua vijidudu, na nilirudi shuleni nikiwa na sinia za bati, vibanio, karatasi nyeupe na lenzi za mkono. Sikuwaambia wanafunzi jambo lolote kuhusu faida za bundi. Niliwagawia madonge, nikawaomba wayafumue taratibu na kupanga mifupa yote wanayoiona juu ya karatasi.

Nitawaeleza kwa kirefu kilichotokea, kwa sababu ndicho chanzo cha kila ninachokijua kuhusu kazi hii. Kwa dakika chache za mwanzo kulikuwa na miguno na wasichana wawili walikataa kugusa. Halafu mvulana mmoja alitoa fuvu zima, fupi kuliko kidole gumba cha mtu mzima, likiwa na meno mawili ya mbele yenye rangi ya chungwa, na baada ya meno hayo pengo refu kabla ya magego. Aliniuliza kwa nini meno yana rangi. Mwenzake alipata fuvu jingine jembamba, lenye meno meupe yaliyochongoka yasiyo na pengo lolote, akasema hili si la mnyama yuleyule. Alikuwa sahihi: lile la kwanza ni la panya shamba na la pili ni la kirukanjia, anayekula wadudu na ambaye si jamaa wa panya hata kidogo. Watoto wale walikuwa wamefanya kwa macho yao wenyewe kazi ambayo mimi nilifundishwa chuo kikuu. Hata wale wasichana wawili walikuwa wamekwisha kusogeza viti vyao.

Wazazi kadhaa walikuwa wamesimama mlangoni, na mmoja wao, mzee mwenye shamba jirani na shule, aliingia na kuinama juu ya sinia. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua macho. Alihesabu mafuvu kwa kidole, akauliza kama yote yametoka juu ya dari hili hili. Nikamjibu kwamba ndiyo. Akasema, "Hawa ndio wanaofukua mbegu zangu kila ninapopanda." Ndipo nilipoanza kuzungumza, kwa sababu sasa kulikuwa na mtu aliyetaka kusikia. Nilimweleza kwamba panya shamba jike huweza kuzaa watoto zaidi ya 10 kwa uzao mmoja, na kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wamewachunguza panya hawa kwa miongo mingi kwa sababu ya hasara wanayowaletea wakulima. Nilimweleza kwamba bundi hufuata panya, na panya hufuata ghala la mahindi, hivyo si ajabu bundi kuonekana penye makazi ya watu. Mama mmoja akauliza kuhusu sumu ya panya, nikawaeleza kwamba sumu nyingi za madukani huua polepole, na bundi anayekula panya aliyekwisha kula sumu hiyo naye huweza kufa, kisha panya waliobaki huzaana bila wa kuwapunguza.

Bundi hawakuondolewa. Mwezi uliopita mwalimu yule aliniletea picha ya sanduku la mbao ambalo wazazi wenyewe wamelitundika chini ya paa la stoo, ili ndege wahamie huko na darasa lipate dari safi. Nimeiweka picha hiyo juu ya meza yangu ya kazi na ninajivunia kuliko cheti chochote nilichonacho.

Basi sikilizeni. Usianze na ikolojia. Anza na hofu au hamu ambayo mgeni ameingia nayo mlangoni, na umpe kitu cha kushika. Usimcheke anayeamini kwamba bundi huleta msiba, kwa sababu ukimcheka utakuwa umemfundisha jambo moja tu, kwamba wewe ni mtu wa dharau. Mwache aone, ahesabu, aulize. Akishauliza, mweleze ulivyojua, si kile unachokijua peke yake. Ninaposema kwamba sikio moja la bundi huyu liko juu kuliko jingine, watu hutikisa kichwa kwa adabu. Ninapowaeleza kwamba mwanabiolojia wa Marekani Roger Payne, yule aliyekuja kujulikana kwa kuchunguza nyimbo za nyangumi, aliwafungia bundi wa aina hii katika chumba chenye giza totoro na kuwaona wakimkamata panya kwa kusikia tu mchakacho wa majani makavu, chumba kizima hunyamaza, na kila mara hupatikana mtu anayeuliza alijuaje kilichotokea ikiwa kulikuwa na giza. Swali hilo ndilo sayansi yenyewe.

Sasa swali lako la pili, ambalo linaniuma kulijibu. Taasisi niliyoanzia kazi, ambayo sitaitaja, iliwahi kunipima utendaji wangu wa mwaka, na aliyenipima aliandika kwamba muda ninaoutumia na watoto wa shule "si utafiti" na kwamba naonekana kuridhika na kutumbuiza wageni. Kwa maneno hayo nilikosa ufadhili wa masomo niliokuwa nimeuombea kwa muda mrefu, akapewa mwenzangu ambaye hakuwahi kumfungulia mgeni kabati hata moja. Miaka imepita na bado nayakumbuka maneno yale neno kwa neno. Sikumjibu wakati ule, kwa kuwa kwetu mdogo hamjibu mkubwa kwa maandishi, lakini nawajibia ninyi mnaoambiwa hivyo leo.

Watu wa nje ya makumbusho ndio wanaotuletea nusu ya tunachokijua. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika Mlima Rungwe walisikia kutoka kwa wawindaji wa huko habari za nyani mwenye haya anayeitwa kipunji, ambaye hakuwa katika kitabu chochote cha sayansi. Mwaka 2005 alitangazwa kuwa spishi mpya kwa kutegemea picha, akawekwa katika kundi la nyani wengine wa misituni. Halafu kipunji mmoja dume ambaye hajakomaa alinaswa na kufa katika mtego wa mkulima shambani mwa mahindi. Mwili wake ulihifadhiwa kuwa kielelezo, fuvu lake na vinasaba vyake vikachunguzwa, na mwaka 2006 ikabainika kwamba kundi lile halimfai. Akapewa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, likaitwa Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya nyani wa Afrika baada ya miaka 83. Kielelezo hicho kimo katika makumbusho ya Field Museum, Chicago, Marekani. Niambieni, katika habari hiyo yote, ni wapi unapoweza kuwatenga wananchi na utafiti? Mwindaji asingezungumza na mtu anayemdharau.

Na mgeni akikuuliza kwa nini tunaweka maiti za ndege na mayai matupu kwa miaka mingi, usimjibu kwa maneno makubwa. Mweleze habari za Derek Ratcliffe wa Uingereza, ambaye mwaka 1967 alichapisha matokeo ya kulinganisha mayai ya kozi, ndege mwindaji, yaliyokusanywa katika nyakati mbalimbali, na kuonyesha kwamba tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 maganda yalikuwa yamepungua unene kiasi cha kupasuka chini ya mama anayeatamia. Uchunguzi uliofuata uliithibitisha sababu, nayo ni DDT, dawa ya wadudu iliyokuwa ikipuliziwa mashambani. Marekani iliipiga marufuku katika kilimo mwaka 1972. Waliokusanya mayai yale ya zamani hawakujua kwamba yangekuja kutoa ushahidi. Mimi humweleza mgeni habari hiyo nikiwa nimeshika yai, naye huwa ameshika lake. Mkononi, mdogo wangu. Kila mara mkononi.

Wale wanaoona aibu kuzungumza na mwenye genge kuhusu panya wake wajiulize mishahara yao inatoka wapi. Mkulima anayelipa ushuru ana haki ya kujua kilichomo ndani ya makabati yale, na mwanabiolojia anayemfungia mlango asilalamike siku msitu utakapokatwa na hakuna aliyejitokeza kuutetea. Nasema kwa ukali kwa sababu nimekaa katika mikutano mingi ambako watu wenye shahada tatu wanauliza kwa nini wananchi hawathamini bioanuwai, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuketi sakafuni na darasa la nne.

Umeniandikia kwamba mkuu wako amekataza wageni kugusa vielelezo. Katika hilo ana haki, na usibishane naye. Ngozi nyingi za zamani zilipakwa aseniki ili zisiliwe na wadudu, na sumu hiyo haiishi kwa kukaa. Mtoto asiziguse kabisa, na wewe mwenyewe uzishike kwa glavu. Vilevile kielelezo chenye lebo kamili hakirudishwi kikivunjika. Lakini katika kila makumbusho kuna vitu vilivyopoteza lebo, mafuvu yasiyojulikana yalikotoka, magamba ya kobe, viota, pembe, manyoya yaliyookotwa. Thamani yake kwa utafiti ni ndogo na kwa kufundishia ni kubwa mno. Pekua rafu za chini na maboksi ya stoo, tenga mafuvu na mifupa iliyosafishwa, acha ngozi zote. Andika orodha yake, ipeleke kwa mhifadhi wa mkusanyo pamoja na barua fupi ya kuomba vihamishiwe katika mkusanyo wa kufundishia, na hakikisha nakala yako imegongwa muhuri, kwa sababu wakuu hubadilika.