Kilele cha 226.95 hakikuwa dawa mpya

Wiki nzima nilitembea kifua mbele. Nilikuwa nimepitisha dondoo la mwani wa Paje, Zanzibar, kwenye spektrometa ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli na kuuchora kama vilele, na pale kwenye masi 226.9515 pakasimama kilele kirefu kuliko vyote. Programu ikaniletea fomula zenye salfa tatu, hata nne. Nikaanza kuwaza jina la kuipa kampaundi yangu.

Kumbe chumvi. Mwani umejaa sodiamu, na kiyeyusho changu kilikuwa na asidi ya fomiki. Vikikutana huzaa sodiamu fometi, nayo hung'ang'ania ayoni (chembe yenye chaji) ya sodiamu: molekuli moja, mbili, tatu na kuendelea. Yangu ilikuwa ya tatu. Programu haikunidanganya. Niliiruhusu kutumia kaboni, haidrojeni, naitrojeni, oksijeni, fosforasi na salfa tu, ikajitahidi na ilichopewa.

Siku hizi siulizi fomula kabla ya kupima mapengo kati ya vilele. Nina programu fupi ya Python inayotoa masi ya kila kilele kwenye masi ya kila kingine. Pengo la 67.9874 likijirudia (90.977, 158.964, 226.951, 294.939) hiyo ni fometi, basi. Pengo la 57.9586 ni chumvi ya mezani. Kosa ninaloruhusu ni sehemu 5 kwa milioni; ukilegeza sana, kila kitu kitafanana na kila kitu. Angalia na desimali: kampaundi nyingi za kikaboni za uzito ule huangukia 227.1 hivi. Hiyo .95 peke yake ilitosha kunitia shaka.

Tena, salfa nne zingeleta kilele cha pili, masi mbili mbele, chenye kama asilimia 18 ya kile kikubwa. Hakikuwepo, na wakati ule wala sikukitafuta.

Ukipima ayoni hasi, mtego uko kwenye masi 97. Haidrojeni salfeti iko 96.9601, dihaidrojeni fosfeti 96.9696. Mashine isiyo kali itaziona kitu kimoja. Hapo tazama kilele cha 99: salfeti huacha kama asilimia 5 ya kile cha 97, fosfeti haifiki hata 1. Sampuli ikiwa hafifu kiasi kwamba kilele hicho kinazama kwenye kelele, andika "97" na uishie hapo.

Mwani ule niliurudia, nikauosha chumvi kwa maji kwenye katriji ya C18, kichujio kinachoshika kampaundi za kikaboni na kuiachia chumvi ipite. Kilele changu kikanywea. Jina nililokibunia bado liko kwenye daftari, limepigwa mstari.