Kunguru, Jongoo na Meli za Kilindini: Maswali Yenu Kuhusu Kujifunza Neno Katika Maumbile

Barua nyingi za msimu huu kutoka Mombasa zimeuliza, kila moja kwa namna yake, jinsi Mkristo anavyoweza kujifunza mambo ya Mungu kwa kutazama viumbe na shughuli za kila siku bila kupotoka. Nimechagua sita, nikazifupisha na kuyaacha majina ya waandishi.

*Bwana Yesu asifiwe, Mwalimu. Katika kikundi chetu cha maombi hapa Likoni, ndugu mmoja amesema kwamba kutafuta mafundisho katika miti na ndege ni kurudia mambo ya mizimu. Je, asemayo ni kweli?*

Asifiwe milele. Hofu ya ndugu huyo ina msingi, kwa hiyo msimcheke. Katika pwani yetu wapo wanaofunga vitambaa kwenye mibuyu wakiomba haja zao, na wapo, hata miongoni mwa wanaokaa viti vya mbele kanisani, wanaoahirisha safari kwa sababu bundi amelia juu ya paa. Huo ni uaguzi, nao umekatazwa waziwazi katika Kumbukumbu la Torati 18.

Hata hivyo, Maandiko yenyewe yanatutuma nje tukatazame. Zaburi ya 19 inaanza kwa kusema, “Mbingu zahubiri utukufu wa Mungu”. Mithali 6 inampeleka mvivu kwa mdudu chungu. Ayubu 12:7 inatuambia tuwaulize wanyama nao watatufundisha. Na Bwana wetu alifundisha kwa mpanzi, chachu, mbegu ya haradali na juya la wavuvi. Mwaguzi humtazama ndege ili ajue yatakayompata kesho, ilhali mwanafunzi wa Neno humtazama ili amjue zaidi Muumba ambaye amekwisha kujifunua. Mpe ndugu yako Warumi sura ya 1 aisome yote kwa utulivu. Mstari wa 20 unasema kwamba uweza wa Mungu unafahamika kwa kazi zake, na mstari wa 25 unawakemea walioiabudu kazi hiyo badala ya Mwenyewe. Mtume Paulo aliyaweka mambo hayo mawili karibu hivyo, nasi tusiyatenganishe.

*Mwalimu, Luka 12:24 inatuambia tuwatafakari kunguru. Hapa Kisauni kunguru wamewamaliza vifaranga wangu, wanadokoa samaki nilioanika, na wanavunja viota vya ndege wadogo. Nijifunze nini kwa mwizi?*

Nimelifurahia swali hili kuliko yote, kwa sababu linatoka kwa mtu aliyemtazama kunguru kweli. Wengi wetu tunaposoma mstari huo tunamwona ndege mpole asiyekuwapo popote.

Tuanze na ndege mwenyewe. Kunguru anayekusumbua, mwenye shingo ya kijivu, si mwenyeji wa pwani hii. Asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani, na mwishoni mwa karne ya 19 aliletwa Unguja ili asaidie kula takataka za mji. Akazaliana, akasambaa mwambao mzima, na leo ndege wetu wadogo wanapungua kwa sababu yake. Kunguru wa nchi aliyotembea Bwana Yesu ni wa aina nyingine, lakini sifa yake haikuwa bora sana: Mambo ya Walawi 11 inamweka kwenye orodha ya ndege walio machukizo, wasioliwa. Waliomsikiliza Yesu walilijua hilo tangu utotoni.

Sasa usome tena mstari ule. Bwana hakusema tuwaige kunguru. Alisema kwamba hawapandi wala hawavuni, hawana ghala, na Mungu huwalisha. Angeweza kumtaja njiwa, ndege wa sadaka, ambaye kila mtu angekubali kwamba anastahili kulishwa. Akamtaja ndege najisi, mlafi, anayefukuzwa kwa mawe. Kama Mungu anamlisha huyo, basi riziki yetu haikutegemea usafi wetu tangu mwanzo, na mama anayehesabu shilingi za unga akihofu kwamba Mungu amemsahau kwa sababu ya makosa yake ya zamani ana jambo la kushika hapo. Ayubu 38:41 inauliza ni nani ampatiaye kunguru chakula wakati makinda yake yanapomlilia Mungu, na katika 1 Wafalme 17 kunguru haohao ndio waliomletea Eliya mkate na nyama kijitoni. Ndege asiyeweza kuwekwa madhabahuni aliwekwa kwenye kazi ya kumhudumia nabii.

Mimi binafsi naona fundisho jingine, yaani kwamba binadamu aliyetafuta njia rahisi ya kuondoa taka zake aliwaachia wajukuu msiba. Lakini hilo ni langu. Luka hakuliandika, na ukilihubiri usilitie kinywani mwa Yesu. Na kuhusu vifaranga, wafunike kwa wavu bila wasiwasi wa dhamiri. Kumtafakari kunguru hakukulazimishi kumkaribisha bandani.

*Mimi ni kijana ninayeanza kuhubiri, niko Changamwe. Nimesikia mara nyingi kwamba tai akifika miaka 40 hupanda mlimani, huvunja mdomo wake kwenye mwamba, hung'oa kucha na manyoya, kisha huishi miaka 30 mingine. Watu huguswa sana. Naweza kuyatumia mafundisho hayo?*

Usiyatumie, kijana wangu, kwa sababu si ya kweli. Tai aliyevunja mdomo wake hawezi kurarua nyama, na atakufa kwa njaa kabla mdomo haujaota. Mdomo na kucha za ndege hukua polepole na kulika kwa matumizi. Manyoya nayo hupukutika machache machache na kuota mengine, ili ndege aendelee kuruka. Tena tai wengi wa porini hawafiki hata hiyo miaka 40.

Najua utaniambia kwamba watu walitubu waliposikia. Ayubu aliwauliza rafiki zake, katika sura ya 13, kama wangesema uongo kwa ajili ya Mungu, na hakuwauliza kwa upole. Mungu aliyemwumba tai hahitaji tumtungie tai mwingine.

Isaya 40:31 inasema wamngojeao Bwana “watapanda juu kwa mbawa kama tai”. Ukitaka kuielewa, toka nje saa sita za mchana umtazame mwewe anayezunguka juu ya mji, maana naye huruka kwa namna hiyohiyo. Utaona kwamba kwa muda mrefu hapigi mbawa kabisa. Amezikunjua tu, na hewa iliyopashwa moto na ardhi inampandisha. Ndege wakubwa wazito hawawezi kupiga mbawa mchana kutwa bila kuishiwa nguvu, kwa hiyo asubuhi hutulia hadi jua liitie ardhi joto. Linganisha hilo na neno “wamngojeao”, na utakuwa na mahubiri ambayo mwalimu wa sayansi aliyekaa kiti cha nyuma hatayatilia shaka.

*Ninafundisha Shule ya Jumapili karibu na Bamburi. Tunataka kuwapeleka watoto Haller Park, ile hifadhi ya wanyama. Wao watakimbilia twiga na viboko. Je, kuna fundisho la kiroho ambalo sisi walimu tunaweza kulitayarisha?*

Wacheni wakimbilie twiga kwanza. Mtoto aliyezuiwa kumwona twiga hatasikia neno lolote. Kisha waketisheni chini ya mti wa mvinje na kuwaomba watafute jongoo.

Mahali pale palikuwa machimbo ya mawe ya matumbawe yaliyochimbwa kwa ajili ya kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1954. Baada ya kuchimbwa, palibaki uwanda mweupe wa mwamba, usio na udongo, wenye joto kali na maji ya chumvichumvi karibu na uso wake. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26, na ni tatu tu zilizostahimili, mvinje ukiwa mmojawapo. Mvinje huvumilia chumvi, na mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaoupatia naitrojeni kutoka hewani, hivyo unaweza kukua pale ambapo mti mwingine ungekauka.

Lakini kulikuwa na tatizo. Majani ya mvinje, yale membamba kama sindano, yalidondoka na kurundikana bila kuoza, kwa sababu yana tanini nyingi, dutu chungu inayozuia kuoza. Miti ilikuwepo, kivuli kilikuwepo, na udongo haukupatikana. Ndipo jongoo wenye miguu myekundu walipoonekana kuwa wanaweza kuyala majani hayo, wakaletwa kwa wingi. Waliyatafuna, na kinyesi chao kikaoza na kuwa mboji. Juu ya mboji hiyo ikaota miti mingine, wakaja wadudu, ndege, na hatimaye wanyama ambao watoto wenu watawakimbilia.

Methali yetu inasema mtupa jongoo hutupa na ung'ong'o wake, na nani kati yetu hakufundishwa kumkwepa mdudu huyu? Wasomeeni watoto 1 Wakorintho 12:22, pale Paulo anaposema kwamba viungo vinavyodhaniwa kuwa vinyonge zaidi ndivyo vinavyohitajiwa zaidi. Waulizeni ni nani kanisani kwao anayefanya kazi ambayo hakuna anayeitazama. Watataja watu ambao nyinyi wazee hamkuwafikiria, na ninashauri muwasikilize kwa makini.

Tahadhari moja: msiwaambie kwamba jambo lile lilitokea kwa muujiza wa usiku mmoja. Lilichukua miaka mingi, lilihitaji mtu wa kujaribu na kushindwa mara 23 kati ya 26, na watoto wanapaswa kulisikia hilo pia. Marko 4:28 yasema nchi huzaa kwanza jani, tena suke, kisha ngano pevu. Utaratibu wa Mungu mara nyingi ni wa polepole, na kuuficha ni kuwaandalia watoto kukata tamaa baadaye.

*Mwalimu, masika iliyopita maji yaliangusha ukuta wa nyumba yangu hapa Jomvu, na nyumba ya jirani anayeuza pombe haikuguswa. Dada mmoja wa kanisani aliniambia Mungu amesema nami kupitia mafuriko yale, nichunguze dhambi yangu. Nimechunguza hadi nimechoka.*

Pole sana, mama. Acha sasa kuchunguza huko, upumzike.

Watu walipomletea Bwana Yesu habari za misiba, yeye mwenyewe aliwakumbusha habari za wale 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, katika Luka 13, akauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wenyeji wengine wa Yerusalemu, akajibu kwamba sivyo. Akawaita wote waliomsikiliza watubu, wao waliopona. Na katika Mathayo 5:45 anasema Baba huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Maji ya mvua hufuata mteremko na mifereji iliyoziba; hayasomi daftari la kanisa.

Dada yako amefanya kosa la zamani. Katika kitabu cha Ayubu, Bildadi anatoa fundisho zuri sana la maumbile: je, mafunjo yaweza kumea pasipo matope? Kuhusu mafunjo alisema kweli tupu. Kisha akaligeuza fundisho hilo kuwa hukumu juu ya mtu aliyeketi majivuni, na mwisho wa kitabu Mungu anasema hasira yake imewaka juu ya Elifazi na wenzake wawili, Bildadi akiwa mmoja wao, kwa sababu hawakunena yaliyo sawa. Maumbile yanatufundisha mengi juu ya Mungu na juu yetu sote kwa jumla. Hayakupewa kazi ya kumfunulia jirani dhambi za jirani yake.

Mwambie mzee wa kanisa kwamba ukuta bado haujasimama. Wagalatia 6:2 inahusu mizigo, na matofali ni mizigo.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kibarua wa mjini. Navuka feri ya Likoni alfajiri na kurudi usiku. Sina bustani wala muda wa kwenda msituni. Je, mafundisho haya ni ya watu wenye nafasi?*

Marahaba. Hapana. Yeremia alipewa neno akiwa katika nyumba ya mfinyanzi, na Amosi alionyeshwa timazi, kifaa ambacho fundi yeyote wa kibarua chako anacho mfukoni.

Wewe unavuka mlango wa mojawapo ya bandari kubwa za Afrika Mashariki. Siku feri inaposimama kupisha meli, na abiria wanapoanza kunung'unika (nami hunung'unika), ukumbuke ni nani yumo ndani ya meli ile. Nahodha wake amevuka bahari kuu, huenda ana miaka mingi ya kazi, ana mitambo ya kila aina. Hata hivyo, kabla ya kuingia bandari hiyo ya Kilindini ni lazima ampokee rubani wa bandari, ambaye hufikishwa kwa boti na kupanda kwa ngazi ya kamba. Rubani ndiye anayeijua njia iliyo kati ya miamba yetu. Nahodha anasikiliza maelekezo yake, na bado dhamana ya meli inabaki kwake. Hawezi kesho kusema kwamba rubani ndiye aliyekosa, yeye hayumo.

Hapo pana jambo la kufikiri kwa yeyote anayekataa ushauri kwa sababu ya miaka yake katika wokovu, na pia kwa yule anayemwachia mchungaji kila uamuzi wa maisha yake ili asilaumiwe. Meli inakupa muda wa kutosha kusoma Mithali 15:22 kwenye simu kabla lango la feri halijafunguliwa.