Nimemkabidhi Mungu, mbona saa nane usiku bado niko macho?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Nina watoto wawili sekondari ya binafsi, na ada ya Januari haijatimia. Kila usiku nasali na kumkabidhi Mungu, lakini saa nane nashtuka na kupiga hesabu mpaka kunakucha. Mwenzangu wa kwaya anasema imani yangu ni ndogo, na kwamba hata kupanga bajeti ni kusumbukia kesho. Ni kweli?
Mama Wawili, Morogoro

JIBU: Amina, mama. Tuanze na bajeti, maana neno la mwenzako limekuongezea mzigo bure. Yesu aliposema "msisumbukie ya kesho" (Mathayo 6:34) hakukataza mipango. Soma habari za mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani, Kutoka 16. Agizo lilikuwa pishi moja kwa kila mtu kwa siku. Waliobakiza hadi asubuhi waliikuta imeingia mabuu na inanuka. Lakini siku ya sita waliokota pishi mbili kama walivyoagizwa, wakaweka ya Sabato, na hiyo haikuharibika. Mana ni ile ile. Bajeti ya ada ni pishi ya siku ya sita. Inayooza ni hesabu ile ile unayoirudia mara ishirini gizani, wakati hakuna ofisi iliyo wazi.

Basi hesabu ihamishie jioni. Saa kumi na mbili, kabla ya chakula, keti na daftari kwa dakika 15. Iwe mezani, kwa sababu ukipangia mambo kitandani mwili huzoea kwamba kitanda ni mahali pa kazi. Usiandike "ada" tu. Neno hilo peke yake halina mwisho. Andika: "Imebaki laki tatu, mwisho tarehe 10." Pembeni weka hatua moja ya kesho, yenye saa: "Saa tatu nimpigie mhasibu, niombe kulipa kwa awamu." Jambo lisilo na hatua ya kesho lichoree msalaba, hilo ni la maombi tu. Funga daftari.

Kisha omba kwa mpangilio wa Wafilipi 4:6, maneno ya mtume Paulo akiwa kifungoni: kusali, kuomba, kushukuru. Wengi huiruka hiyo ya tatu. Huomba nusu saa, na karibu yote ni kumsimulia Mungu tatizo upya, hivyo huinuka na hofu zaidi kuliko walivyopiga magoti. Taja haja yako mara moja, kwa kiasi chake, halafu shukuru kwa kitu cha leo unachokiona: unga uliomo ndooni, mtoto aliyepona homa.

Ukishtuka usiku, simu usiiguse. Vuta pumzi ukihesabu hadi nne, na moyoni useme "Bwana ndiye mchungaji wangu". Itoe taratibu ukihesabu hadi sita, "sitapungukiwa na kitu". Kutoa pumzi polepole hutuliza mapigo ya moyo. Ikipita kama dakika 20 usingizi haujarudi, usipigane nao: keti kwenye kiti, taa hafifu, urudi kitandani ukianza kusinzia. Na chai ya rangi iishie mchana.

Hofu ikirudi kesho, hujashindwa. Mstari wa saba wa Wafilipi 4 unasema amani ya Mungu "itawahifadhi mioyo yenu", na neno la Kiyunani alilotumia Paulo ni la askari walindao mji. Mlinzi huwekwa pale adui anapotazamiwa kuja tena.

Ila zikipita wiki mbili hulali, huli, au moyo unakwenda mbio bila sababu, nenda kituo cha afya. Mawazo ya kufa yakikujia, mwambie mtu wa karibu na uende siku hiyo hiyo. Nabii Eliya alipoomba afe (1 Wafalme 19), malaika hakumkemea kwa imani ndogo. Kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Alikula, akalala, akaamshwa akala tena. Safari ya Horebu, mlima wa Mungu, ilianza baada ya hapo.