Flatbrød na lefse si kitu kimoja

Umeuliza kama flatbrød na lefse, mikate bapa ya Norway, ni kitu kimoja, na kwa nini kinyunya chako cha lefse ya viazi kilinata. Hapana, ni vitu viwili. Flatbrød ya Norway ni mkate mkavu, mwembamba kama karatasi, ukiukunja unavunjika: unga wa shayiri au oti, maji na chumvi, bila hamira. Kwa vile hauna unyevu, unakaa miezi mingi stoo bila kuota ukungu. Ile laini inayopakwa siagi na sukari ikakunjwa ndiyo lefse. Na viazi vinavyotiwa kwenye lefse si vya tangu enzi. Vilifika Norway karne ya 18, lefse ya unga mtupu ilikuwepo kabla.

Nasema hivyo kwa sababu kila Desemba tunaoka kwa mama mkwe, huko huko Norway. Yeye husukuma kwa mti wenye mifereji, mume wangu hugeuza kwa kijiti kirefu bapa kwenye takke, lile chuma pana la duara, mimi nakung'uta unga na kufunika zilizoiva kwa kitambaa zisikauke. Zinaokwa bila tone la mafuta, usizifanye chapati!

Kwako kinyunya kilinata kwa sababu viazi vilikuwa vya moto. Viponde, vilale vipoe hadi kesho, unga utie ukiwa tayari kusukuma. Kikaango cha chapati kinatosha.

Ila kila bonde lina lefse yake. Ya Hardanger, kwa mfano, hukaushwa kabisa, kisha hulowanishwa kwa maji kabla ya kuliwa.